Kahawa ya Kaunta

"Kaa basi, mama, watu wanatutazama!" Mchumba wa binti wa Ornella alikuwa amejitandaza kwenye meza ya nje ya mkahawa, kando ya binti huyo, kama mwenye Roma yote.

"Wanakutazama wewe," Ornella alisema. "Kahawa ya asubuhi hunywewa kaunta, wima, kwa bei nafuu. Ukikaa hapo bei inapanda, umeshakula na pesa ya chakula chetu cha mchana."

"Mama, tumekuja kutembea," kijana akasema. "Acha ubahili."

Mhudumu akaja. Mchumba akaagiza kahawa tatu, kisha akaelekeza kidole kwenye mkoba wa Ornella. Ukucha wake ulikuwa umesuguliwa ukang'aa kama kijiko.

"Mama atalipa."

Ornella akamtazama binti yake, aliyeinamisha macho.

Akaingia ndani, akaegemea kaunta. "Kahawa mbili."

Nyuma yake kiti kikaburuzwa, kisha mlio wa viatu vya binti yake ukamfuata ndani.