Simba wa Mlangoni

Ukoo wa Corvasanti, mabwana waliotajirika kwa biashara ya sufu, ulijivunia simba wa jiwe juu ya mlango wa jumba lao. Siku moja kabla ya harusi ya mjukuu wake, Bibi Ortensia, mkuu wa ukoo huo, alimwita fundi Nevio amsafishe simba.

Fundi alikwangua kidogo tu, manyoya ya shingoni yakamomonyoka. Kumbe yalikuwa ya chokaa! Chini yake yakachomoza masikio mawili marefu.

“Bibi, huyu ni punda,” alisema kwa woga. “Nimfunike upesi kabla wageni hawajafika?”

Bibi Ortensia alivua viatu, akapanda ngazi, akayapapasa yale masikio.

“Usimfunike. Kwangua na mgongoni,” alisema. “Nataka kujua alikuwa amebeba nini.”

Chokaa ikaanza kudondokea zulia jipya la harusi lililotandikwa mlangoni.