Fundi Mkuu Hayupo

"Fundi Mkuu hayupo," alisema Mama Pindo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Katoka sasa hivi."

Katoka, kalala, kaenda kung'oa jino: Fundi Mkuu alikuwa na shughuli nyingi kwa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Mama Pindo alimbuni mwenyewe alipofungua kibanda, maana wanaume wakimwona peke yake kwenye meza ya kukatia walikunja suruali zao wakaenda zao. Aliposema hakuna fundi mwingine, hawakurudi. Alipoanza kusema hayupo, walikaa wakasubiri.

Leo aliyekaa ni muuza makufuli wa duka la pili, mwanamke ambaye ulimi wake hufika sokoni kabla ya miguu. Alitaka mashati mawili na suruali ya mumewe.

"Mume wangu hashonewi na mwanamke," alisema. "Namsubiri huyo Fundi."

"Basi bwana aje apimwe, dada."

"Yuko safarini."

"Lete shati lake la zamani, nichukue kipimo."

"Kayabeba yote."

Mama Pindo akamimina chai, akaweka na maandazi. Chai ikapoa kwenye vikombe. Mwisho muuza makufuli akasimama, akajifuta makombo mapajani, akashika pazia la nyuma.

"Huyu kalala tu humu. Nitamwamsha mwenyewe."

Nyuma ya pazia kulikuwa na ndoo, ufagio na marobota ya vitambaa, basi. Pazia likifunguka, jioni mtaa mzima unajua, na kesho hapaji suruali hata moja ya kupunguza kiuno. Mama Pindo alimdaka mkono.

"Keti, dada. Hakuna Fundi Mkuu, wala hakuwahi kuwepo. Ni mimi, tangu siku ya kwanza. Nifichie, nakuomba."

Muuza makufuli akaliachia pazia. Akamkazia macho, kisha akaanza kucheka, polepole, mabega yakitikisika mpaka akatafuta pa kushika.

"Si ungesema mapema, mwenzangu, tusipotezeane asubuhi," alisema, akivuta kiti karibu na cherehani. "Mume wangu naye ni kama Fundi wako. Basi kata kipimo chochote unachotaka, ila kitambaa kiwe kizito. Suruali hizi ninazoanika kambani kila Jumamosi zimepauka kwa jua, na majirani wameanza kuuliza mbona magoti hayachakai."