Kopo Lililobonyea

Tangu apunguzwe kazini, kisha figo zikamlaza kitandani, Shomvi hakuonja maziwa yoyote ya kopo aliyoletewa na waliokuja kumjulia hali. Kila wageni walipoaga, mkewe, Mama Zubeda, alilikimbiza kopo dukani, akabadilishiwa unga wa ugali.

Leo alikuja msimamizi, yuleyule aliyemwambia kazi imekwisha. Akaweka kopo mezani.

“Pole sana, Bwana Shomvi. Ni kidogo nilichojaliwa.”

Shomvi alilitazama. Lilikuwa limebonyea ubavuni, palepale lilipobonyea juzi lilipomponyoka yeye mkononi, kabla Mama Zubeda hajalipeleka dukani.

“Ahsante, bosi,” akasema. “Mama Zubeda, lifungue. Mpikie mgeni chai ya maziwa.”

“Lote, Baba Zubeda?”

“Lote.”

Mama Zubeda alishika kisu, macho yake kwenye debe la unga lililolala chali, tupu.