Kalunguyeye Mlinda Mashimo

Hapo mashimo yalipoanza kupangishwa, Kalunguyeye, aliyekuwa hana pa kulala, aliajiriwa na Ngiri, dalali wa mashimo. Kazi yake ilikuwa kulala katika shimo tupu lisije likaingiwa na nyoka, na kulisifia mbele ya wateja.

Alilisifia la kwanza kwa ulimi mtamu, likapata mpangaji papo hapo. Yeye akalala kwenye mvua.

"Hongera, kijana!" akasema Ngiri, akampa shimo jingine.

Kalunguyeye akajikuna kichwa hadi miiba ikamchoma. Akisifia, hana pa kulala. Akinyamaza, hana kazi. Basi Mama Nguchiro alipofika na wanawe, akaona heri aseme kweli tupu.

"Mama, hili linavuja, na jirani ni Fisi, hucheka usiku kucha."

"Ala! Dalali msema kweli! Wenzako wote wamenidanganya. Wanangu, ingieni!"

Ngiri akafurahi mno. "Kuanzia leo wewe ni mkuu wa walinzi."

"Ahsante, mzee. Na mkuu analala wapi?"

"Mkuu halali, bwana. Mkuu anakagua."

Kalunguyeye akabaki mlangoni analoa, hajui acheke au alie, na watoto kule ndani wakamuuliza mama yao yule mjomba wa miiba anangoja nini.