Nyegere Kwenye Mlango wa Ngiri

Kisa hiki nyegere hawapendi kisimuliwe.

Ngiri alikuwa mpangaji. Shimo lake lilichimbwa na Muhanga, na kodi yake ilikuwa kumwonyesha Muhanga kichuguu chenye mchwa kila mwezi ulipoandama.

Jirani yake Nyegere alijichimbia la kwake kwa miaka mitatu. Kila alipomwona Ngiri akiingia kinyumenyume, kama ilivyo desturi ya ngiri, alicheka.

"Mwenye nyumba huingia kifua mbele," alisema. "Mpangaji huingia kwa makalio, kama mwenye aibu zake."

"Mimi hutazama nje, bwana," Ngiri alijibu, "nijue lini nihame."

Masika yakaja. Maji yalipoanza kutuama, Ngiri alihamia shimo jingine la Muhanga, kilimani. Nyegere akabaki akizoa tope. "Niiache nyumba yangu mwenyewe?" Siku ya tatu shimo likaporomoka.

Akapanda kilima, amelowa chapachapa. Ngiri hakucheka. Alisogea tu, akasema, "Karibu ndani, jirani."

Afadhali angecheka. Nyegere alisimama mlangoni, macho chini. Kisha akageuka, akaingia kinyumenyume, ili Ngiri asimwone uso.