Bakuli la Pili

Jumamosi nyingine, bakuli jingine, na Na-rae akalimaliza lote huku anatabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Mchuzi wa soya iliyovundikwa. Harufu yake inakupokea hujavua hata viatu mlangoni. Kwa Na-rae ukishatulia tumboni tu, kipandauso hicho: jicho la kushoto linadunda, mwanga unachoma, kijiko kikigonga sahani anaona kapigwa nyundo. Na kichekesho ni kwamba kasomea lishe. Kazini anawahubiria wagonjwa wa kipandauso siku nzima: ukishajua chakula kinachokuumiza, kikatae, mdomo si wako?

Haya, kakatae sasa mbele ya Mama Gyu-min.

Siku ya kwanza mchumba wake Gyu-min alipompeleka kwao Jeonju, Na-rae alitaka aonekane mkwe wa maana. Akamaliza bakuli, akaomba la pili. Toka hapo kila Jumamosi mchuzi ni huohuo, na mama mwenyewe anakula naye sambamba, maana mgeni haachwi akala peke yake.

Na bado mama alikuwa hajaitikia ndoa. Wakishakula tu anabadilika. Anafunga mapazia mchana kweupe, anajibu kwa kunong'ona, halafu anasema anaenda kukunja nguo, ndiyo harudi tena.

"Mama yako hanitaki," Na-rae alimwambia Gyu-min. "Hata kuniangalia usoni hawezi."

Gyu-min akamshauri aongeze bidii ya kula.

Leo akaongeza. Mabakuli matatu, mtaalamu wa lishe mzima.

Kichwa kilipoanza kupasuka aliaga anaenda msalani, akashika ukuta, akawa anatafuta chumba chochote chenye giza. Akasukuma mlango wa mwisho, akajitupa kwenye godoro lililotandikwa sakafuni.

Godoro likaguna.

Mama Gyu-min alikuwa amelala chali, kitambaa kibichi kwenye paji la uso, beseni pembeni.

"Na wewe pia?" akanong'ona bila kufumbua macho.

Na-rae akajifunika macho kwa kiganja.

Mama akasogea ukutani kumpisha. "Mimi huo mchuzi nilikuwa siugusi tangu usichana wangu. Ila ningefanyaje, na nimeshapata mkwe anayeomba la pili?"