Ubao Mbichi

Mwanakombo aliipiga boti ile shoka kama anayempiga mtu. Faki, shemeji yake, alisimama kando na ndoo ya gundi ya faiba. "Taratibu, shemeji, utaivunja."

"Ndicho ninachotaka."

Faiba ikapasuka pale nyuma, palipong'oka injini siku aliyozama mumewe. Kwa nje rangi bado iling'aa. Ndani, ubao wa kubebea injini ulikuwa umeoza. Alipouchota kwa mkono ulitoka kama uji, maji meusi yakamchuruzika hadi kiwikoni.

"Msibani ulisema bahari ndiyo iliyomuua. Ubao huu aliuweka nani?"

Faki akainama, akakoroga gundi ndooni.

"Uliufunika faiba ungali mbichi."

"Sikukuu ilikuwa imekaribia. Kaka mwenyewe alikuwa na haraka."

Mwanakombo akamkaba kwa ukosi wa shati, akamsokomeza ule uozo mdomoni mpaka akapaliwa, damu ikamtoka kwenye ufizi. Faki hakujitetea.

"Sasa tengeneza. Safari hii injini utaishika wewe."

Faki akatema, akaulaza mchangani ubao mpya aliokuja nao, akachovya brashi kwenye gundi. Shoka likakita karibu limkate vidole.

"Haujakauka huo."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kudondoka. Mwanakombo akavua mtandio wake, akaufunika ubao, kisha akaulalia kifudifudi, kichwa wazi, mkono mmoja ukiwa bado umeshika mpini wa shoka. Faki alibaki amepiga magoti mbele yake, na ndani ya ndoo gundi ikaanza kuganda.